Fundo Kwanza

Mwalimu Shemdoe aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa,
MAGAZIJUTO,
chaki ikamvunjikia kwenye JU.
Tukalikariri darasa zima, la sita B, Makorora,
mpaka mlinzi akachungulia dirishani
akidhani ni jina la ugonjwa mpya.

Mabano. Gawanya. Zidisha. Jumlisha. Toa.
Nililimeza zima kama kidonge, bila maji.

Jaribio la Jumatatu: ishirini, toa nane, jumlisha tano.
Nikalifuata neno kama behewa linavyofuata reli:
JU iko mbele ya TO,
basi nane na tano, kumi na tatu;
ishirini toa kumi na tatu, saba.
Nikapigwa mkasi mwekundu,
mimi Mwanamkasi, ambaye wa kwangu ulikuwa unanitosha.

Nilirudi nikihesabu barabara za Ngamiani,
ya kumi, ya kumi na moja, sikutaka zifike,
hadi ya kumi na nne, penye baraza la fundi baiskeli,
ambako mama huuza machungwa ya Muheza.

"Isome hiyo hesabu." Hakuinua macho.
Nikaisoma.
"Asubuhi nilikuwa na elfu ishirini.
Mwenye gari kachukua nane zake.
Akaja Bi Riziki, kanilipa tano.
Nina ngapi?"
Kumi na saba, nikasema, kabla sijafikiri.
"Sasa hizo tano za Bi Riziki
kwa nini umempa mwenye gari?"

Kumbe JU na TO ni mapacha,
na GA na ZI vilevile, wamelala kitanda kimoja;
aliye kushoto ndiye anayeamshwa mwanzo.
Katika maisha yangu yote ya kupigwa kofi la mkono
hapo tu ndipo niliporuhusiwa kuanza na kushoto.

Siku nyingine akaja bwana wa bandarini, ana haraka,
kanunua machungwa mawili ya rejareja
na mafungu matatu, kila fungu matano.
"Mbili na tatu, tano. Mara tano. Ishirini na tano, tia mfukoni."
Mama akacheka hadi fundi akaacha kuziba pancha.
"Baba, hayo mawili hayana fungu,
utayazidishaje?"
Akamhesabia kumi na saba.
Na moja la nyongeza, kwa kumchekesha.

Mabano lakini, mama hakuwahi kuyaona kitabuni.
Alikuwa nayo pindoni mwa kanga.
Fundo.
Ndani yake ada yangu na kodi ya chumba,
na hata njaa ikibisha hodi, hata harusi ya mtaa,
cha ndani kilimalizana chenyewe, humo humo gizani,
ndipo dunia iliporuhusiwa kujumlisha.

Baba aliondoka kwa basi la alfajiri, kutoka Kange.
Mashamba ya mkonge yalikuwa yamempunguza, naye akatupunguza sisi.
Nilikuwa kidato cha pili. Wiki hiyohiyo tukafundishwa:
alama ya kutoa ikisimama mlangoni mwa mabano,
kila aliye ndani hubadilika.
Nikaandika nyuma ya daftari, kwa penseli:

toa (mshahara toa mnazi)

Nikafungua mabano.
Mshahara uliokuwa ukiingia, ukatoka.
Mnazi uliokuwa ukitoka, ukaingia:
ukawa sukari, ukawa soksi za shule,
Ijumaa moja ukawa changu wa kukaanga.
Nikatafuta mahali pa kumwandika yeye, kikohozi chake,
namna alivyokuwa akiniita Mkasi.
Hapakuwa na alama.
Nikafuta. Karatasi ikatoboka.

Mama sikumwonyesha.
Usiku ule alilifungua fundo kwa meno,
akahesabu, akafunga tena, akakaza.
Kapuni lilibaki chungwa moja, limebonyea upande.
Akalipasua kwa kisu cha mkate.
GA, nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyeitwa jina la utani asilolijua,
akanipa nusu isiyobonyea.